Alhamisi za Mama Theodory: Maisha ya Nesi Yunis Melkizedek, 1921–1983

Desturi inataka wasifu uanze na kuzaliwa. Familia inaomba radhi kwa mchungaji na kwa wazee, maana huu utaanza na maneno ya sokoni. Tangu juzi Jumatano, hapa Mikumi, kuanzia magenge ya barabarani mpaka stesheni, yako maneno yanayopita mdomo kwa mdomo: "Aliyetufundisha kuishi na sukari, sukari imemmaliza." Wapo wanaoyasema kwa huzuni. Wapo wanaoyasema kama watu waliokuwa wakitafuta kisingizio siku nyingi na sasa wamekiokota njiani. Yupo mzee mmoja, jina tunalo ila hatulisomi mbele ya jeneza, aliyeonekana jana asubuhi akivitazama vidonge vyake kama mtu anavyomtazama shahidi aliyeshikwa na uongo. Rejista ya zahanati ina wagonjwa wa kisukari sitini na wawili. Wakiyaamini maneno hayo, vidonge vitatupwa shimoni, na turubai hili halitapata nafasi ya kukunjwa. Kwa hiyo wasifu huu utasomwa taratibu, na wenye kisukari wanaombwa wasogee mbele.

Marehemu Yunis Melkizedek alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 milimani Mamboya, mtoto wa nne wa mwalimu wa dini Melkizedek na mkewe Perpetua. Nyumba ile ilikuwa na kengele moja na watoto saba, na baba alitaka vyote vilie kwa saa yake. Kwa kawaida marehemu wote walikuwa watoto watulivu na watiifu. Huyu hakuwa. Alipokuwa na umri wa miaka sita alimfukua kuku aliyekufa kwa mdondo na kuzikwa, akampasua kwa kipande cha kigae ili aone kilichomuua. Alichapwa. Alipokwisha kuchapwa akafuta machozi, akauliza kama kuna mtu aliyekiona kilichomuua.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1929 hadi 1935, na mwaka 1938 akapelekwa hospitali ya misheni kujifunza uuguzi. Huko, siku moja, mwalimu wao wa Kizungu aliwaeleza kwamba waganga wa zamani wa Ulaya walikuwa wakiuonja mkojo wa mgonjwa ili kujua kama una sukari. (Neno hili litarudi mara nyingi. Mchungaji atusamehe.) Wanafunzi wote walitema mate. Yunis akanyoosha kidole, akasema kwamba bibi yake kule Mamboya alikuwa akiujua ugonjwa huo bila kuonja chochote: aliwaangalia tu sisimizi wanakokwenda mtu akishakojoa. Mwalimu akaandika jambo katika daftari lake. Yunis alihitimu mwaka 1941, na katika cheti chake palikuwa na alama nzuri na onyo moja: "Huuliza kupita kiasi."

Januari 1942 aliajiriwa katika hospitali ya serikali mjini Kilosa. Ndiko alikomkuta Cleopa, kijana wa reli, aliyeletwa akiruka kwa mguu mmoja baada ya kuangukiwa na taruma la reli kidoleni. Yunis alimfunga bendeji huku akimsema kwa nini alikwenda kazini pekupeku. Kidole kilipona kwa siku tisa. Cleopa aliendelea kuja kufungwa bendeji kwa miezi minne. Ndoa yao ilifungwa tarehe 5 Agosti 1944, na hadi juzi, miaka thelathini na tisa baadaye, alikuwa bado anasemwa, na bado anafurahi.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, marehemu hakuiona bendera ikipanda, kwa kuwa alikuwa zamu ya wazazi. Alipokea watoto watatu. Wawili waliitwa Uhuru. Wa tatu alitaka kuitwa hivyo pia, Yunis akamzuia mama wa mtoto: "Mama, tukiwaita wote Uhuru, akilia mmoja tutamjuaje?" Mwaka 1965 Cleopa alihamishiwa stesheni ya Mikumi, na Yunis akaja kufungua chumba cha pili cha zahanati yetu: kitanda kimoja, taa ya spiriti, na dirisha linalotazama barabara ya Iringa. Wakati ule tembo walikuwa wakivuka barabara hiyo bila kuomba ruhusa, na malori yakasubiri.

Sasa tufike kwenye habari yenyewe.

Mwaka 1969 daktari wa wilaya aligundua kwamba watu saba wa kijiji kipya cha ujamaa, kile cha nje kidogo ya Mikumi, walikuwa na kisukari cha watu wazima, kile ambacho mtu hazaliwi nacho: humjia ukubwani taratibu, kama mgeni anayejifanya anapita tu. Aliwapa vidonge, akamkabidhi Nesi Yunis kazi ya kuwafundisha. Alhamisi ya tarehe 5 Juni darasa likaanza. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa. Nesi alichukua matone manane, akayatia katika kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakishika kwa kibano juu ya moto. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika rangi ya tofali la kuchoma, mtu yuko hatarini: macho, figo, na zaidi ya vyote miguu, ambayo huoza bila kuuma.

Mkubwa wa wale saba alikuwa Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kijiji, mwenyeji wa Chanzuru, mtu wa sauti pana na mwili wa kulingana nayo. Tumshukuru Mungu yupo hapa leo na ametupa ruhusa ya kusimulia. Kwa wiki sita mfululizo vichupa vyote saba vilibaki buluu. Nesi Yunis hakuamini macho yake. Aliandika ripoti, ripoti ikaenda Kilosa, barua ya pongezi ikarudi. Mwenyekiti aliisoma barua hiyo kwenye mkutano wa kijiji, akatangaza kwamba sukari imeshindwa kabla ya muda uliopangwa. Watu walipiga makofi. Wakati huohuo, ndani ya raba yake ya mguu wa kushoto, kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na yeye hakusikia chochote.

Alhamisi ya tarehe 17 Julai 1969 marehemu alizipanga chupa saba dirishani. Mwanga wa asubuhi ukapita ndani yake. Zote saba zilikuwa na wekundu wa damu chini. Kichocho. Saba wote, wamekipata wiki moja, akiwemo Bi Sikuzani, ambaye alikuwa na kisima uani kwake na hakuwa amekanyaga mto wala bwawa tangu aolewe.

Yunis aliwageukia pale benchini.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, Mama Theodory."

"Sina ugomvi na mtu. Naomba tu mnitajie jina. Huyu anayewakojolea nyote saba ni nani? Maana anaumwa, na anahitaji dawa leo hii."

Benchi zima likatazama sakafu. Bi Sikuzani akajifunga kanga upya.

"Si nilisema? Nilisema tumchukue mwingine!"

"Nyamaza, Sikuzani," akasema Mwenyekiti.

"Sinyamazi. Ninyi mnakunywa uji ndipo mnafika, mimi ndiye ninayezunguka alfajiri na chupa saba kama muuza mafuta!"

Ikajulikana. Mwenye mkojo alikuwa Mzee Lukasi, mlinzi wa ghala la kijiji, mtu ambaye Mikumi nzima ilikuwa inakubaliana kwamba halogeki. Radi ilimpiga mara mbili. Nyoka alimuuma shambani, na nyoka ndiye aliyekufa. Lukasi alikubali kuwakojolea wenzake bila kudai hata muhogo, akisema huo ndio mchango wake katika kujenga taifa. Kwa wiki sita kijiji kilikuwa kimejumuika katika kibofu kimoja, na pengine hakuna pembe ya nchi hii ambayo Ujamaa ulifika mbali namna hiyo.

Mzee Mwinshehe alisimama kujitetea, na hakuwa na mzaha. "Mama Theodory, hatukukudharau. Wewe tunakuheshimu. Lakini mkojo wa mtu hautiwi mkononi mwa mtu. Kucha, nywele, mkojo: popote vilipo, mwenyewe yupo. Leo uko dirishani kwako, kesho uko kwa nani? Nina maadui mimi. Ni mwenyekiti."

Nesi mwingine angecheka, au angefoka kuhusu ushirikina. Marehemu hakufanya hivyo, kwa sababu ambayo familia inaijua na leo inaitoa hadharani: yeye mwenyewe, binti wa mwalimu wa dini, alikuwa akizichoma nywele za kitana chake kila Jumamosi, na asingekubali kuulizwa kwa nini. Alifikiri kidogo. Kisha akachukua chupa tupu, akatoka, akaenda chooni nyuma ya zahanati. Aliporudi alimimina nusu katika chupa ya pili, akamshikisha Mwenyekiti kwa mikono yake miwili.

"Huo hapo, mzee. Wangu, na bado una joto. Nenda nao kwa mganga yeyote umtakaye, kuanzia hapa mpaka Ruaha. Nusu ninyi, nusu naichemsha mbele yenu. Mkiona bado niko hai Alhamisi ijayo, mtaniletea wa kwenu."

Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mama wa watoto watatu, amejitoa mzima mzima mbele ya watu, na amemkabidhi mwenyekiti wa kijiji chupa ambayo kwa imani ya kila mtu mle ndani ilikuwa na uhai wake. Akawasha taa. Akahesabu matone manane. Yunis alikuwa amechemsha mikojo ya watu wa Kilosa na Mikumi kwa miaka ishirini na saba. Wake hakuwahi.

Dawa ilianza kuchemka. Ikageuka kijani cha mchicha, ikapita. Ikageuka njano, ikapita. Bi Sikuzani, aliyekuwa karibu zaidi, akaanza kurudi nyuma na kigoda chake. Ikageuka rangi ya chungwa. Kisha, pale pale juu ya moto, ikawa tofali.

Kimya.

Halafu sauti ya Mzee Mwinshehe, ikiwa imepungua nusu nzima: "Mama Theodory, mimi sijafanya kitu! Nimeushika tu!"

Marehemu alikiosha kichupa, akapima tena. Tofali. Akaketi. Wale waliokuwapo wanasema aliangalia nje, kwenye barabara, kwa muda ambao lori moja lilipita zima na kupotea. Ile kiu ya miezi mitatu aliyokuwa akiusingizia upepo, ule uchovu aliokuwa akiusingizia umri, vyote vilikuwa vimesimama mbele yake ndani ya kioo. Kisha akacheka, kicheko kile chake cha puani.

"Najua hukufanya kitu, mzee. Ilikuwamo siku zote. Ni mimi sikuuliza."

Akavuta rejista, na chini ya majina saba akaandika kwa mwandiko wake wa misheni: *8. Yunis Melkizedek, miaka 48, tofali.* Akainuka kwenye kiti cha nesi, akaenda kuketi benchini, kati ya Sikuzani na Mwinshehe, upande wa wagonjwa.

"Haya," akasema. "Mgonjwa mwenzenu naogopa. Nani ananisindikiza?"

Mwenyekiti aliiweka chini chupa ya watu kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akachukua tupu. Akatoka nje. Aliporudi, wake uligeuka tofali upesi kuliko wa nesi, na hapo ndipo alipofungua kamba za raba yake kwa hiari yake na kusema, "Na hapa pana harufu, naomba upaangalie." Siku ya pili alipandishwa treni ya Kilosa. Alipoteza vidole viwili. Mguu ulibaki. Mzee Lukasi alitibiwa kichocho, akapona, akanuna mwezi mzima kwa kupokonywa wadhifa.

Tangu siku hiyo marehemu hakufundisha tena kutoka kitini. Kila Alhamisi alijipima yeye kwanza, hadharani, na rangi yake ikaandikwa ubaoni kwa chaki kabla ya ile ya mtu mwingine. Haikuwa buluu siku zote. Wiki moja baada ya harusi ya mpwa wake ilitoka rangi ya chungwa, na Bi Sikuzani akaendesha kesi.

"Mama Theodory, umekula nini?"

"Maandazi."

"Mangapi?"

"Mawili."

"Mama Theodory."

"Matano," akasema marehemu, na darasa likapiga makofi kwa sababu ameungama.

Aliwafundisha kwamba ugali wa mtu ni ngumi yake mwenyewe, na nusu ya sahani ni mboga. Mzee Mwinshehe alileta ngumi yake mezani kama nyundo, naye akamwambia, "Sawa, ni yako. Ila ni moja, mzee, usinioneshe na ya pili." Aliwatembeza kutoka zahanati mpaka stesheni na kurudi, na madereva wa malori wakafikiri ni maandamano ya chama, wakawa wanapiga honi za kuunga mkono. Aliwakalisha duara, kila mtu akague nyayo za jirani yake, kati ya vidole na chini ya kisigino, kwa kuwa macho ya mtu hayafiki chini ya unyayo wake. Hilo lilileta kizaazaa, kwani mkwe hatazami miguu ya mkwe. Basi akawapanga upya ili mkwe asikae na mkwe, na hesabu ya kuwapanga ilimchukua, kwa maneno yake, muda mrefu kuliko mafunzo yote ya uuguzi.

Sukari ilipoadimika madukani, sote tunaikumbuka miaka ile ya foleni, watu wa Mikumi walifurahi kwamba walau ugonjwa huo sasa umekwisha. Wagonjwa tisa waliacha vidonge. Marehemu hakubishana. Alimwita mmoja wao, Mzee Thadeo, ambaye hakuonja sukari kwa miezi minne na alikuwa akijitapa kwa hilo, akampima mbele ya wenzake. Tofali. Mzee akaapa kwamba hajala kitu kitamu. "Nakuamini," akasema Yunis. "Umekula milima miwili ya ugali kila siku, na mwili hauulizi kama ulikuwa mtamu mdomoni. Unaugeuza sukari ukishafika tumboni." Tisa wote walirudi. Wakati huohuo mumewe, Cleopa, alikuwa ameficha robo kilo ya sukari ndani ya taa ya ishara ya stesheni, na treni ya mizigo nusura isimamishwe na sisimizi waliofunika kioo cha taa. Alisemwa kwa wiki mbili.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1976, akaagwa kwa soda ambayo hakuinywa, na Alhamisi iliyofuata akafika kazini saa moja na nusu kama kawaida. Nesi Joha, aliyekuja kuchukua nafasi yake, alimkuta benchini. "Mama, si umestaafu?" "Unesi nimestaafu," akajibu. "Ugonjwa hawajanipa barua."

Mwaka 1980 vidonge vilishindwa kazi, akaanza sindano. Alijichoma mwenyewe, pajani, mbele ya darasa, ili watakaofika huko wasiogope. Dawa yake aliihifadhi katika chungu kidogo kilichofukiwa nusu kwenye mchanga uliolowa maji, chini ya kitanda, ili isipate joto, na wageni walioonyeshwa chungu hicho walikisogelea kwa heshima zaidi kuliko walivyomsogelea mwenye nyumba. Mwaka jana macho yalififia. Bado aliijua rangi ya tofali. Alisema anaisikia kwa namna watu wanavyonyamaza.

Jumatatu tarehe 8 Agosti 1983, saa nne asubuhi, akiwa uani anachambua mchicha, mkono wa kulia uliacha kumtii. Alimwita mumewe, akamwambia kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito, "Cleopa, hiki ni kiharusi. Vaa viatu kwanza." Alifikishwa hospitalini Kilosa jioni hiyo. Alifariki Jumatano tarehe 10 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Sasa turudi kwa watu wa sokoni. Familia ilimuuliza daktari bila kuficha: ni sukari? Daktari alijibu bila kuficha. "Sukari ilikuwamo. Presha ilikuwamo. Vinasaidiana. Lakini nimeiona rejista yenu. Mtu aliyeanza na tofali mwaka 1969, akaendelea kula na kuishi kama zamani, mngemzika 1972." Hatutamdanganya mtu mbele ya jeneza lake, maana yeye hakuwahi kutudanganya mbele ya ubao wake. Sukari ilimtaka tangu siku ile. Alikaa nayo meza moja miaka kumi na minne na siku ishirini na nne, akiipimia ugali. Katika miaka hiyo alizika wazazi wake, aliozesha mabinti wa watu, aliona wajukuu tisa, na kati ya wale wanane wa siku ile ya kwanza, watano walikuwa hai kumuuguza. Nani hapa aliwahi kuona jambo la namna hiyo katika wilaya hii? Sisi tuliokuwa tukimwona kila siku akipita na kapu lake la mchicha tulidhani tunamwona bibi anayetoka sokoni.

Na jana ilikuwa Alhamisi.

Nesi Joha alikuwa amefunga mlango wa zahanati kwa kufuli na kubandika karatasi: LEO HAKUNA HUDUMA, TUNA MSIBA. Aliketi hapo nje akilia, akisubiri gari la kumpeleka nyumbani kwa marehemu. Saa moja na nusu akamwona Mzee Mwinshehe anakuja kwa fimbo yake, kwa mwendo wake ule wa vidole vinane. Nyuma yake Bi Sikuzani. Nyuma yao wengine, wakubwa na wadogo, wa kijijini, wa stesheni, wawili kutoka kambi ya barabara, na miongoni mwao yule mzee wa vidonge ambaye jina lake hatulitaji. Alhamisi ya kawaida huja watu kumi na tisa. Jana walikuja arobaini na mmoja.

"Shikamoo, mzee," akasema Joha. "Poleni. Leo hatufungui. Mwenye kliniki amefariki."

"Marahaba, mwanangu. Pole na wewe." Mwenyekiti akaisoma ile karatasi yote, taratibu, kama alivyosoma zamani barua ya pongezi. Kisha akaketi benchini, akaanza kuvua kiatu. "Na sisi je, tumefariki?"

Joha alifungua.

Marehemu ameacha mume, Mzee Cleopa; watoto watatu, Theodory, Fausta na Mathias; wajukuu tisa; wadogo zake wawili kule Mamboya; na wagonjwa sitini na wawili, ambao kwa kupimwa kwa jana, ishirini na sita wametoka buluu, wanane kijani, watano njano, na wawili tofali, nao wamekwisha kupelekwa Kilosa. Waliobaki waonane na Nesi Joha Alhamisi ijayo, saa moja na nusu.

Mola ampokee Yunis binti Melkizedek, ampe kiti cha kukalia, na amwache apumzike kwa amani bila kumtafutia zamu.